Mama Niliyemjibia

Mlango wa kwanza niliobisha katika kazi hii ya kukusanya maoni ulifunguliwa na mbuzi. Nilikuwa nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya kisigino, ubao wa kuandikia kifuani, salamu nimeikariri tangu alfajiri. Mbuzi akasukuma mlango wa mbao kwa kichwa, akanitazama, akaanza kutafuna kona ya karatasi yangu. Papa Bauma, mkubwa wetu, alikuwa amesimama nyuma yangu kunipima. Hakucheka. Alisema tu: "Andika kwamba mwenye nyumba hana maoni."

Ninyi vijana wa biro, ofisi yetu hii, mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijazoea kukaa nyumbani. Mlitaka niwaelezee kwa nini mtu anaegemea upande huu wa siasa na jirani yake upande ule: ni kabila, ni dini, ni malezi, au ni tabia aliyozaliwa nayo. Maprofesa wameandika hayo na karatasi zao ni nzito kuliko zangu. Mimi nitawasimulia kazi jinsi ilivyokuwa. Pia nitawaambia kosa langu moja, kwa sababu lilinipotezea rafiki, na tangu nistaafu ndilo ninaloamka nalo. Rafiki huyo anaitwa Espérance. Tulitembea pamoja miaka kumi na mitatu, na hadi leo nikisikia buti zikipanda mawe ya barabara yetu, natoka nje kuangalia kama ni yeye.

Wakati wetu hakukuwa na vioo vya kugusa kwa kidole. Tulikuwa na fishi, karatasi za maswali, tuliyoyauliza kama yalivyoandikwa bila kuongeza wala kupunguza. Tuliandika kwa penseli, maana wino na mvua ya Goma havikai nyumba moja. Tulibeba mfuko wa plastiki wa kufunikia fishi, na wengine walijifunika wao kwanza, ndipo tukajua nani ataacha kazi kabla ya Noeli. Visigino vyangu havikumaliza wiki. Mawe ya volkano hayajui kwamba umevaa vizuri, kwa hiyo nilinunua buti za mpira kama wengine, nikawa mtu wa kazi.

Tulihesabu nyumba tukitokea sokoni au kanisani, tukaingia kila ya tano. Ndani tuliandika majina ya watu wazima kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia katika bakuli, na mtoto wa nyumba akachagua kimoja. Aliyetoka ndiye aliyeulizwa. Bila hivyo angejibu baba kila siku, na tungefikiri Goma nzima ni wanaume wenye ndevu wanaotaka barabara.

Papa Bauma alikuwa Mhunde wa Masisi, mwalimu wa zamani, mtu wa kutembea polepole mpaka ulitaka kumsukuma. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Salimu kwa lugha ya nyumba: kwa Mnande sema *wavukire*, kwa msemaji wa Kinyarwanda sema *mwaramutse*, hata kama ni hilo neno moja tu unalolijua. Kaa chini. Ukipewa maji, kunywa. Kisha alitupa msemo wake, ambao kila mgeni wa biro aliusikia mpaka akachoka: "Kabila itakuambia mutu atasema namna gani. Haitakuambia atasema nini."

Mimi niliuchukulia kama misemo ya walimu. Wanayo mingi.

Yeye pia ndiye aliyetupanga wawili wawili, kwa kuchanganya. Mimi, Kahindo, ni Mnande wa Butembo, Mkatoliki, binti wa mfanyabiashara wa maharage na puaro, vile vitunguu vya majani. Espérance ni wa Rutshuru, upande wa Jomba, na nyumbani kwao walizungumza Kinyarwanda. Papa Bauma alitaka kila mlango utakaofunguka umkute mmoja wetu aliye karibu na kwao. Siku ya kwanza nilimwona mwenzangu mpya akifunga kamba za viatu, akizifungua, akizifunga tena.

"Dada, watu watalala mbele ya tufike," nikamwambia.

"Wakilala, tutawauliza wakiamka," akasema, akaanza kamba ya pili.

Mimi ni mtu wa haraka. Naingia nikisema na natoka nikisema. Espérance alikuwa mtu wa kuliacha neno lipoe kabla ya kuligusa. Wiki ya kwanza nilidhani tutauana. Mwezi wa pili nilikuwa nikimhifadhia nusu ya chapati yangu, na mwaka wa tatu nilikuwa mama wa ubatizo wa mwanawe. Ninamkosa hata kwa zile kamba.

Tuliona mengi. Katika nyumba za kwetu Wanande watu walijibu kwa "sisi". Ukimwuliza mtu anamwamini nani, anakuambia: "Siye hapa tunasemaka hivi." Baba alifundishwa na parokia na soko kwamba jambo zuri linajengwa na watu wenyewe, barabara, shule, hata umeme, na serikali ikija inakuta mmeshamaliza. Kwa hiyo wengi wa kwetu waliongea juu ya serikali kama unavyomwongelea mjomba mlevi. Kwa akina Espérance uliletewa kwanza maziwa ya mgando, na swali lilizungushwa mara tatu kabla ya kujibiwa. Watu waliokwisha kukimbia wanajua kwamba jibu linaweza kukufuata mpaka nyumbani. Hayo ni malezi, na mtu anayatembeza kama harufu ya jiko la kwao.

Lakini malezi hayamalizi kazi. Njia ya Sake, karibu na Lac Vert, tuliingia nyumba ya ndugu wawili wa Butembo, baba mmoja, mama mmoja, parokia moja, hata mashati waliyoshona ni ya kitambaa kimoja. Bakuli lilimchagua mkubwa. Mdogo alipaswa kukaa nje, lakini akabaki mlangoni.

"Hii inchi inataka fimbo," akasema mkubwa. "Bila fimbo, mutu hafanyi kitu."

"Fimbo tulikuwaka nayo," akasema mdogo kutoka mlangoni. "Ilivunjikia mu mugongo yetu."

"Wewe haujaulizwa!"

"Njo vile nasema. Kwako mutu anasemaka tu akiulizwa." *Njo* ni *ndiyo* ya mjini kwetu, naye aliikaza.

Mkubwa alikuwa na stoo ya majembe yenye kufuli mbili, na majembe yamepangwa kwa urefu. Mdogo alikuwa na redio iliyofunguliwa, waya nje, na watoto wa jirani watatu wakila kwake. Tulipotoka Espérance alisema kwamba hawa wawili hawakutofautiana kwa siasa, walitofautiana tangu utotoni, siasa ilikuja baadaye ikakuta nafasi yake. Nilikubali. Na ndipo nilipoanza mchezo wangu wa kijinga.

Mchezo ulikuwa huu: kabla ya kubisha, nilitazama uwanja, nikabahatisha majibu. Kufuli mbili na ua uliofagiwa mistari, huyu anataka mkubwa mkali. Mlango wazi na kuku ndani, huyu anataka kila mtu aachwe. Salamu ikanipa kabila, msalaba ukutani ukanipa kanisa, nami nikajaza fishi kichwani tukiwa bado barabarani. Mara nyingi nilipatia. Nilijisifu kwa Espérance, naye akacheka mara chache za mwanzo, kisha akaacha kucheka. Sikuliona hilo wakati ule. Mtu wa haraka huona vitu vingi, ila huviona vikiwa nyuma.

Sasa nifike kwa mama yake Espérance.

Mama Konsolata aliishi Ndosho katika nyumba ya mbao aliyojengewa na binti yake baada ya kukimbia Jomba mara ya tatu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alikaa kila siku akiuelekea mlango. Alikuwa na kufuli mbili. Hakupiga gumzo juu ya ua na mtu yeyote. Lakini mimi aliniita mwanangu. Kila siku tuliyofanya kazi upande ule tulikula kwake, maharage na viazi, na kwangu aliongeza kijiko cha samli bila kuniuliza kama ninataka. Mama yangu alikuwa amefariki Butembo, nami nilikuwa nimeshiba upweke wa mji. Sijawahi kula chakula kilichonituliza kama kile.

Siku moja hesabu ya nyumba ilianguka kwake. Kanuni mnaijua: ndugu hamwulizi ndugu. Espérance akaenda mtaa wa chini na fishi zake, akaniachia mama. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa na nilibakiwa na nyumba tatu. Mtu mzima alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo hata bakuli halikuhitajika. Nikakaa, nikala. Akanielezea magoti yake, dawa ya magoti yake, na mwanamke wa parokia aliyempa dawa isiyofaa. Nikatazama saa. Nikasema: "Mama, nitarudi." Akasema: "Rudi, mwanangu."

Sikurudi. Nilisimama chini ya bati la duka la jirani, nikajaza fishi yake yote kwa dakika ambazo mvua ilichukua kupita.

Najua mtaniita mwongo, na siwakatazi. Lakini nataka mjue uongo huu ulitoka wapi. Nyumbani kwetu mtoto kumjibia mzazi si dharau. Mgeni akija na maswali ya ofisi, mama anakaa, na mtoto aliyesoma anasema: "Mama anasema hivi na hivi." Ni kumpumzisha. Mimi nilimjibia mama yangu mbele ya padri, mbele ya chifu, mbele ya daktari, na kila mara alitikisa kichwa na kuridhika. Nilipojaza fishi ya Mama Konsolata nilihisi kwamba ninamtendea kama wangu. Hata niliona fahari kidogo.

Kulikuwa na swali moja, mtalikumbuka, lilikuwa kwenye fishi zote za miaka ile. Kama familia ya kabila lingine ikitaka kununua kiwanja kando ya chako, utafurahi, hutajali, au utakataa? Nilifikiria Jomba, nikafikiria kukimbia mara tatu, kufuli mbili, na kile kiti kinachoelekea mlango. Nikatia alama penye *nitakataa*. Lile la nani anafaa kuongoza nililitia kwa mtu wa kabila lake. Lile la kuwaamini majirani, hapana. Nilimaliza mvua ilipokatika.

Msimamizi aliyekuwa chini ya Papa Bauma alikuwa na desturi ya kurudia nyumba chache kuhakikisha tumefika kweli. Akafika kwa Mama Konsolata, akamwuliza kama kuna mtu wa biro aliyekuja kumwuliza maswali. Yule mama hakuwa mtu wa kusema uongo kumfunika mtu, wala hakujua kwamba kuna kitu cha kufunika.

"Kahindo? Kahindo hajaniulizaka kitu," akamwambia. "Kahindo anakuyaka kula."

Biro nzima ilicheka kwamba mimi huja kula tu, na msemo huo ulinifuata miezi. Fishi ikafutwa, nyumba ikaondolewa kwenye hesabu, nikakemewa mbele ya watu. Hayo yote ningeyabeba. Lakini kanuni ilitaka mwenzako asome fishi iliyofutwa na kuweka sahihi. Espérance aliisoma amesimama. Alisoma kama alivyofanya kila kitu, polepole, ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Kahindo," akasema. "Miaka kumi na moja unakulaka kwa mama yangu."

Akaigeuza fishi inielekee.

"Na hivi njo unamuonaka?"

"Nilimujibia tu," nikasema. "Sawa na mutoto wa nyumba."

"Mutoto wa nyumba anaulizaka mama yake." Akaweka sahihi, akanirudishia penseli yangu, akatoka.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, mimi najua kujibu matusi. Tuliendelea kufanya kazi pamoja miaka miwili, na aliniambia kila kitu cha lazima: nyumba hii, mlango ule, fishi zimebaki ngapi. Chapati yangu ilirudi kuwa nzima. Sikwenda tena Ndosho. Kila Jumapili nilijiambia nitakwenda kumwomba mama msamaha na kumwuliza yale maswali mwenyewe, moja moja, nikiwa nimekaa. Kila Jumapili nilipata sababu. Aibu haina haraka. Mimi mwenye haraka nilijifunza hilo uzeeni.

Papa Bauma aliniita mara moja tu juu ya jambo hili. Alikuwa ameanza kuumwa. Sikupata hotuba niliyoiogopa. Aliniuliza: "Ile swali ya kiwanja, wewe mwenyewe ungesema nini?" Nikajibu upesi kwamba ningefurahi. Akasema: "Unaona. Wewe ulijipatia jibu ya kupendeza. Mama ya wenyewe ulimupatia ya kuogopa." Aliaga dunia mwaka huo, na hakuna mtu tangu hapo aliyenisahihisha vizuri namna ile.

Kisha vita vikaja tena, maana njia ya kwetu vinaijua. Espérance akamchukua mama yake wakaenda kwa kaka yake, upande wa Bunagana. Nilipata habari siku tatu baada ya kuondoka kwao. Simu yake haikupita. Nilikwenda Ndosho hatimaye, nikakuta nyumba ya mbao ina watu wengine, watu wema, walionikaribisha ndani. Nilikataa kuingia, nikarudi nyumbani nikalia kama mtoto.

Kazi ya milangoni nayo ikapungua. Siku hizi ukimwuliza mtu anafikiri nini, anatazama kwanza barabara, kisha anakuuliza wewe unatoka wapi. Simlaumu. Ninyi mtaifanya kazi hii katika wakati mgumu kuliko wetu, na ninawaonea huruma kidogo, ingawa buti zenu ni nzuri. Mimi nilirudisha ubao wangu, nikapewa chai na keki, nikaenda nyumbani.

Mwaka huu mwanamke anayeleta maharage kutoka Bunagana aliniambia kwamba Mama Konsolata amefariki na amekwisha kuzikwa. Nilipanda gari asubuhi iliyofuata na kilo mbili za sukari na sabuni, vitu vya kupelekea wafiwa. Tulipita Kanyaruchinya, mahali ambapo mimi na Espérance tulitembea kati ya mahema ya wakimbizi, fishi mkononi, na sasa mtu alikuwa anapanda maharage kati ya mawe. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na mengi.

Espérance alikuwa amekaa nje ya nyumba ya kaka yake, anachambua mtama kwenye ungo. Amezeeka. Aliniona tangu mbali na hakusimama, lakini alisogea kwenye benchi, na nilipofika palikuwa na nafasi ya kukaa.

"Pole ya mama," nikasema.

"Asante."

"Nilikuya kumuomba msamaha. Nimechelewa."

"Umechelewa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tukachambua mtama pamoja. Baadaye nikashindwa kujizuia, tabia haistaafu. Nikamwuliza: "Niambie basi wewe. Ile swali ya kiwanja na jirani. Mama angejibu nini?"

Espérance aliendelea kutoa mawe madogo kwenye ungo. Nilidhani amekasirika upya.

"Ile siku nilipita kwa mama na hasira," akasema. "Nikamuambia yote. Mama, Kahindo alikuandika hivi, Kahindo alikuandika vile. Nilisema mpaka chakula ikapoa. Yeye alinyamaza, ananisikiliza. Na siku zote za kisha, miaka yote ile, niliweka hasira juu yake." Akaweka ungo chini. "Kahindo, mimi pia sikumuuliza. Nilidhani najua."

"Haukujua?"

"Sijue mpaka leo."

Watoto wa kaka yake walipita na madumu ya maji, wakatusalimu. Tuliuliza mji mzima, mimi na yeye, milango isiyohesabika, kwa lugha zote tulizoweza, na mtu aliyetupikia hakuna aliyemwuliza. Nilimlilia yule mama pale pale kwenye benchi, na Espérance naye akalia, bila kushikana, kila mtu na kitambaa chake.

Nilipopangusa uso, nilimtazama vizuri huyu mwanamke niliyekula naye, kulowa naye na kumbatizia mtoto. Nikatafuta kichwani jibu lake kwa swali lile, kwa mazoea. Nililiona likija, tayari limejazwa. Nikaliacha.

"Na wewe, Espérance?" nikasema. "Wewe ungesema nini?"

Aliuokota ungo, akauweka tena magotini.

"Njo mara ya kwanza unaniuliza," akasema.